Mkono uliokuwa halali chuoni: kisa cha konabeki mmoja kabla ya drafti

Usuli

Kisa hiki ni cha konabeki mmoja wa futiboli ya Marekani aliyetoka chuo kikuu na kutafuta nafasi NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo. Nitamwita K. Jina lake, chuo chake, mwaka wenyewe na klabu zote zilizohusika nimeziondoa, na hesabu zinazomhusu nimezitaja kwa makadirio ili asitambulike. Wakati huo nilikuwa mtazamaji wa video katika idara ya skauti ya klabu moja. Maskauti wakubwa walisafiri kwenda vyuoni. Mimi nilikaa na mashine, nikatazama, nikahesabu, nikaandika ripoti.

Kwa msomaji aliyelelewa na soka kama mimi, konabeki ni beki anayesimama pembeni kabisa, uso kwa uso na mpokeaji, yaani mtu anayekimbia kwenda kuidaka pasi ya kwotabeki, mrushaji wa mpira wa timu inayoshambulia. Mpokeaji anajua anakokwenda, konabeki hajui. Mmoja anakimbia kwa mbele, mwenzake anaanza kwa kurudi kinyumenyume, kisha lazima afungue nyonga, ageuke na kumfikia mtu aliyekwisha kushika kasi. Akiachwa, mara nyingi nyuma yake hakuna wa kumwokoa. Beki wa soka hufundishwa asiondoe macho kwenye mpira. Konabeki anayekaba mtu kwa mtu hutazama kiuno cha mpokeaji, kwa sababu kichwa na mabega hudanganya, kiuno hakiwezi.

Drafti, yaani zoezi la klabu kuchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni, hufanyika kila Aprili. Klabu 32, raundi 7, na zamu ya kuchagua hupangwa kwa matokeo ya msimu uliopita, dhaifu akitangulia. Ukimpa mchezaji alama ya raundi ya kwanza kumbe ni wa tatu, umepoteza nafasi ambayo hairudi. Ukimshusha mno, mwingine anamchukua kabla yako.

K. alikuwa anamaliza masomo katika chuo kikubwa, ligi ngumu. Msimu wa kabla ya mwisho alinasa pasi tano za wapinzani. Msimu wa mwisho alinasa moja tu, lakini watu walisema ni kwa sababu wapinzani waliogopa kurusha upande wake. Zile chache zilizorushwa, chini ya nusu zilipokelewa. Magazeti ya michezo yalimweka raundi ya kwanza tangu Oktoba.

Ripoti ya kwanza, na swali lililoivunja

Ripoti yangu ya kwanza niliandika Novemba, nikakubaliana na magazeti. Nilitazama michezo minne, nikaona harushiwi, nikaandika kwamba "anafunga upande mzima". Leo nikiisoma sentensi ile naona ilivyokuwa nyepesi.

Skauti mkongwe wa idara yetu, mtu aliyekuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi kuliko umri wangu kazini mara tatu, aliisoma akaniuliza mambo mawili. Kwanza, K. alisimama upande gani wa uwanja? Pili, mkono wake uko wapi mpokeaji akipita yadi ya tano? Sikuwa na jibu la lolote kati ya hayo. Akanirudishia ripoti bila neno jingine.

Swali la upande linahitaji maelezo kidogo, maana ndipo wengi wanapotelezea. Katika futiboli, kila jaribio la kushambulia huanzia kati ya mistari miwili midogo iliyochorwa ndani ya uwanja. Uwanja una upana wa futi 160. Vyuoni mistari hiyo imeachana futi 40, kwa hiyo mpira ukiwekwa kwenye mmojawapo, upande mfupi unabaki na futi 60 hadi ukingoni, kama mita 18. NFL mistari hiyo imekaribiana, futi 18 na nusu tu, na upande mfupi kabisa haupungui futi 70. Konabeki wa chuo anayewekwa upande mfupi kila mara anasaidiwa na chaki: ukingo wa uwanja ni beki wa pili. Na pasi ya kwenda upande mpana husafiri mbali zaidi, hivyo kwotabeki wa chuo mwenye mkono dhaifu huiacha. Kwa hiyo "harushiwi" inaweza kuwa sifa, inaweza pia kuwa jiografia tu.

Nilianza upya. Sikutumia video za televisheni, kwa sababu kamera ya televisheni humfuata kwotabeki, na konabeki hutoka kwenye picha sekunde moja baada ya mpira kuanzishwa, akarudi pasi inapofika. Unaona mwisho wa hadithi bila mwanzo wake. Nilitumia video ya makocha, ile inayopigwa kutoka juu na kuwaonyesha wachezaji wote 22. Michezo 11, kila mara mpira ulipoanzishwa na K. akiwa uwanjani. Kazi ilichukua siku tisa.

Yaliyoonekana

Mara nyingi zaidi K. alikuwa upande mfupi, na beki wa mwisho akimfunika kwa juu. Chuo chake kilikaba kwa kanda, yaani kila beki akilinda eneo lake badala ya kumfuata mtu, na mara alizoachwa peke yake mtu kwa mtu, bila msaada, hazikufika robo. Kwa hiyo takwimu nzuri alizokuwa nazo zilitokana na kazi ambayo sisi tusingempa. Klabu yetu ilikaba mtu kwa mtu kuliko nyingi.

Halafu nikafika kwenye mkono.

NFL beki hawezi kumgusa mpokeaji akishavuka yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia, isipokuwa mgusano wa bahati mbaya. Kanuni hiyo ilikazwa mwaka 1978, na watu waliipa jina la Mel Blount, konabeki wa Pittsburgh aliyekuwa akiwasukuma wapokeaji njia nzima. Mwaka 2004 ligi iliwaagiza waamuzi waisimamie kwa ukali zaidi. Adhabu yake ni yadi 5 na timu inayoshambulia inaanza upya hesabu ya majaribio yake manne ya kusonga yadi 10, jambo ambalo mara nyingi linauma kuliko yadi zenyewe. Vyuoni mpaka huo haupo: beki anaweza kumgusa mpokeaji aliye mbele yake hadi pasi irushwe, mradi asimshike. Na hata kosa la kumzuia mpokeaji pasi ikiwa hewani, chuoni haligharimu zaidi ya yadi 15, ilhali NFL mpira hupelekwa pale pale kosa lilipotendeka, hata kama ni yadi 40.

K. alikuwa na mkono wa kushoto usiotulia. Yadi ya sita, ya saba, ya nane, kiganja chake kiko kwenye nyonga ya mpokeaji. Waamuzi wa chuo hawakupiga filimbi, na walikuwa sahihi kwa kanuni zao. Mimi nilitazama michezo minne ya kwanza bila kuuona, kwa sababu nilitazama mpira.

Nilimpelekea mkongwe hesabu zangu nikiwa nimeamua kwamba K. hafai. Akaniuliza swali la tatu, ambalo ndilo lililonifundisha kazi hii: "Anashika kwa sababu amechelewa, au mkono unatangulia miguu ikiwa bado mahali pake?"

Si kitu kimoja. Beki aliyeachwa hatua moja na kunyoosha mkono kujiokoa ana upungufu wa miguu au wa macho, na huo haufundishiki kirahisi. Beki aliyekaa vizuri, nyonga zake sambamba na za mpokeaji, lakini bado mkono unakwenda, huyo ana mazoea tu. Alifundishwa hivyo, akaruhusiwa hivyo, na mazoea huvunjwa mazoezini. Nikarudi kwenye video. Safari hii nilisimamisha picha pale tu mkono ulipotoka, nikaandika miguu na kiuno vilikuwa wapi.

Jibu liligawanyika. Kwenye njia fupi, zile za kukata ndani au nje kabla ya yadi 12, miguu ilikuwa mahali pake karibu kila mara. Ni mazoea. Kwenye njia ndefu, hasa mpokeaji alipojifanya anakata kisha akafyatuka kwenda mbele, K. alikuwa amekwisha kuachwa mkono ulipotoka. Alikuwa akiuamini mkato wa kwanza mapema mno.

Mobile, kisha Indianapolis

Mwishoni mwa Januari wachezaji wanaomaliza vyuo hualikwa Mobile, Alabama, kwa wiki ya mazoezi na mchezo wa maonyesho. Klabu zote hutuma watu. Zoezi linalotazamwa zaidi ni la mpokeaji mmoja dhidi ya konabeki mmoja. Lazima mtu alitazame kwa tahadhari, maana hakuna anayemkimbiza kwotabeki, na mpokeaji ana uwanja mzima na muda anaoutaka. Zoezi limetengenezwa ili konabeki ashindwe. Unachotafuta ni namna anavyoshindwa.

Siku ya kwanza K. aliachwa mara tatu kwa mbinu ile ile ya kukata na kufyatuka. Maskauti wa klabu nyingine walikuwa wakiandika huku wakitikisa vichwa. Siku ya pili aliachwa mara moja. Siku ya tatu alianza kusimama mbali kidogo, akausubiri mkato wa pili, na akapangua pasi mbili. Mkongwe wetu alirudi na ukurasa mzima kuhusu siku ya tatu, na mstari mmoja tu kuhusu ya kwanza. Mpaka leo naona ule ndio ukurasa bora kabisa katika faili nzima ya K.

Vipimo vya Indianapolis, ambako klabu huwapima wachezaji kabla ya drafti, nitavipitia haraka, kwa kuwa havikubadilisha mengi. Mbio za yadi 40, kama mita 36 na nusu, alizikimbia vizuri, ndani ya wale wenye kasi wa nafasi yake. Zoezi la kugeuka kulia na kushoto ndani ya yadi 20 alikuwa miongoni mwa bora. Mikono yake ilikuwa mifupi, chini ya inchi 31. Kwenye kikao baadhi yetu walilishikilia hilo la mikono, nami sikukubaliana nao. Trent McDuffie alichaguliwa wa 21 mwaka 2022 akiwa na mikono isiyofika inchi 30, na mwaka uliofuata alikuwa katika kikosi bora cha ligi nzima.

Kuhusu mbio, klabu ya Cleveland ina mifano miwili ambayo kila mtu wa kazi hii angepaswa kuijua. Mwaka 2010 walimchukua Joe Haden nafasi ya 7 baada ya kukimbia yadi 40 kwa sekunde 4.57 kule Indianapolis, muda ambao kwa konabeki wa daraja hilo uliwatia watu hofu. Mwaka 2014 walimchukua Justin Gilbert nafasi ya 8, aliyekimbia kwa 4.37 na kunasa pasi 7 msimu wake wa mwisho chuoni. Haden aliteuliwa mara tatu kwenye mchezo wa nyota wa ligi. Gilbert hakufika msimu wake wa tatu Cleveland, waliachana naye kabla haujaanza. Saa ilikuwa sahihi mara zote mbili, ila haikuwa ikipima kilichotakiwa kupimwa.

Uamuzi na sababu zake

Katika kikao cha Aprili niliwasilisha hivi. K. si konabeki wa pembeni katika mfumo wetu, angalau si kwa miaka miwili ya kwanza. Acheze ndani, dhidi ya mpokeaji anayesimama karibu na katikati. Huko njia ni fupi zaidi, beki wa mwisho yuko karibu, na ile miguu ya kugeuka haraka ndiyo mtaji wake. Nilijua ugumu wake pia: ndani hakuna ukingo wa kukusaidia, mpokeaji anaweza kukata pande zote mbili, na beki wa ndani hulazimika kuwaangusha wakimbiaji wenye mpira mara nyingi kuliko yule wa pembeni.

Hapo ndipo niliposhusha alama. Katika michezo mitatu ya mwisho wa msimu K. aliangusha watu vibaya. Aliingia na bega moja, akageuza uso, mara mbili akapitwa kabisa. Niliandika kwamba hapendi mgongano. Beki wa ndani asiyependa mgongano hana kazi, kwa hiyo nilimpa alama ya katikati ya raundi ya tatu. Mkongwe alitaka mwisho wa raundi ya pili, kwa hoja ya siku ya tatu ya Mobile: mtu anayejirekebisha ndani ya saa 48 analipiwa ziada. Meneja mkuu alisikiliza wote, akachukua alama yangu. Tulikuwa na nafasi mapema katika raundi ya tatu na alitumaini K. angefika.

Yaliyofuata

Hakufika. Klabu nyingine ilimchukua mwishoni mwa raundi ya pili, ikamweka pembeni tangu mchezo wa kwanza kwa kuwa mabeki wake wawili waliumia. Mwezi wa kwanza wa msimu waamuzi walimpigia filimbi karibu kila wiki, kwa kugusa baada ya yadi 5 na kwa kushika, na mara mbili aliachwa kwa kukata na kufyatuka. Katikati ya msimu alikalishwa benchi. Mwaka wa pili kocha mpya alimhamishia ndani. Mkono ulitulia kadiri wiki zilivyokwenda, na tangu hapo hajaipoteza nafasi yake. Na anaangusha watu vizuri sana.

Sisi katika raundi ya tatu tulimchukua konabeki mrefu, mwenye mikono mirefu na video safi. Tulimwondoa kikosini kabla ya msimu wake wa tatu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kutenganisha matokeo na kazi aliyopewa mchezaji. Pasi zilizonaswa na pasi zilizopokelewa mbele yake zilisema K. ni wa raundi ya kwanza, na namba zenyewe hazikuwa za uongo, ila zilikuwa za upande mfupi, wa kanda, wa beki wa mwisho anayekufunika. Jambo hili lina sura nyingi. Emmanuel Forbes aliingia drafti ya 2023 akiwa amezirudisha pasi sita alizonasa hadi kwenye pointi, rekodi ya daraja la juu la futiboli ya vyuo, na klabu ya Washington ikamchukua wa 16. Alikuwa na takribani kilo 75, na wapokeaji wakubwa wa NFL walimsukuma walivyotaka. Kabla msimu wake wa pili haujaisha klabu ilikuwa imemwondoa kikosini. Upande mwingine yuko Richard Sherman, aliyekuwa mpokeaji katika chuo cha Stanford kabla ya kugeuzwa konabeki, akachaguliwa wa 154 mwaka 2011. Klabu ya Seattle, iliyomchukua, haikumsoma kwa takwimu. Walitafuta mabeki warefu wenye mikono mirefu kwa namna moja mahususi ya kukaba, na yeye aliifaa.

Swali la mkono na miguu ndilo ninaloliona kuwa na thamani kubwa zaidi katika kisa hiki, na lingefaa hata kwa maskauti wa soka wanaotazama mabeki wa Dar es Salaam au Nairobi. Beki anayevuta jezi: je, amevuta kwa sababu ameachwa? Kosa linaonekana kwa kila mtu. Kinacholitangulia hakionekani mpaka usimamishe picha.

Kilichoshindwa ni hukumu yangu kuhusu mgongano, na bado inanisumbua, maana haikuwa suala la kubahatisha vibaya. Jibu lilikuwa ndani ya jengo letu. Madaktari walimpima K. Indianapolis wakaandika kwamba aliumia bega katika wiki za mwisho za msimu na alicheza nalo. Taarifa hiyo ilikaa kwenye faili la kitabibu, ripoti yangu ikakaa kwenye faili la video, na hakuna aliyeziweka mezani pamoja. Ningeweza kushuku mwenyewe: katika michezo minane ya mwanzo aliangusha watu kwa bega lile lile bila wasiwasi. Niliipa michezo ya mwisho uzito zaidi kwa sababu tu ilikuwa ya karibuni, na nikageuza maumivu ya kijana kuwa kasoro ya tabia. Kuandika kwamba mtu "hapendi mgongano" ni kusema jambo kuhusu moyo wake. Nililisema kwa ushahidi wa michezo mitatu.

Je, alama ya mkongwe ingetuletea K.? Labda. Kwetu angeanzia ndani bila mwaka ule wa filimbi, lakini huenda pia ule mwaka wa filimbi ndio uliomtuliza mkono. Kwa hilo sitajipa sifa wala lawama.

Tulibadili mambo mawili msimu uliofuata. Ripoti ya kila konabeki ikawa na safu ya upande aliosimama na safu ya msaada aliokuwa nao, zijazwe kabla ya takwimu yoyote kuandikwa. Na neno lolote linalohusu ujasiri au moyo wa mchezaji haliingii kwenye ripoti ya video mpaka daktari wa klabu awe ameisoma na kuweka saini chini yake.